Kipimo cha Akili na Lugha ya Mpimwaji: Juu ya Waliotikisika Ubongo katika Mji wa Babati

Mji wa Babati umekaa kando ya ziwa lenye jina hilo hilo, chini ya mlima Kwaraa, katika njia kuu itokayo Arusha kwenda Kondoa na Dodoma. Waingereza waliokuwa wakitawala waliiita Njia Kuu ya Kaskazini, wakaihesabu kuwa sehemu ya ile barabara waliyoiota kutoka Cape Town mpaka Cairo. Tangu mwaka 2002 Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, uliomegwa katika Mkoa wa Arusha. Na tangu barabara ya lami ya kutoka Dodoma ilipozinduliwa mwaka 2018, malori, mabasi na pikipiki za abiria hupita hapo kwa wingi na kwa mwendo usiojulikana zamani. Pikipiki hizo huitwa bodaboda. Jina hilo lilizaliwa upande wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, pale waendesha baisikeli walipowavusha watu na bidhaa toka mpaka mmoja hata wa pili. Neno la Kiingereza la mpaka likatamkwa boda, likarudufiwa, na likasafiri na chombo chenyewe mpaka pembe zote za Afrika ya Mashariki.

Makala haya hayawahusu wale ambao vichwa vyao hupasuliwa na ajali, kwa kuwa jeraha lao laonekana. Yanamhusu yule aangukaye, akazimia kwa muda mfupi au asizimie kabisa, akainuka, akajipangusa vumbi. Picha ya kichwa haionyeshi ufa wala damu, naye huambiwa aende nyumbani akapumzike. Walio wengi hupona kwa siku au wiki chache. Lakini wamo ambao baada ya mwezi, au miezi mitatu, kichwa chawauma bado, mwanga wawachoma macho, usingizi hauji, hasira zi karibu, na hesabu ya chenji ambayo zamani waliifanya huku wakikanyaga gia sasa yawapotea njiani. Nyumbani husemwa kwamba fulani amebadilika. Kijiweni husemwa kwamba amekuwa mvivu. Tabibu naye hana budi kujua kama ubongo bado ni mzito, au kama ni hofu na majonzi, au kama mtu huyu yu tayari kurudi barabarani na abiria mgongoni. Picha haimsaidii. Chombo alicho nacho ni maswali: taja, rudia, kumbuka, hesabu, chora. Chombo hicho, karibu chote, kimefanywa kwa maneno, na kwa hiyo kinawahusu wachunguzi wa lugha sawasawa na kinavyowahusu matabibu.

Yafaa kuanza na majina ya ugonjwa. Kiswahili cha leo husema mtikisiko wa ubongo, na jina hili lalingana barabara na lile la Kilatini walilolitumia waganga wa Ulaya, ambalo maana yake ni kutikiswa. Hata hivyo, aliyetangulia kuitenga hali hii ya kupita na jeraha la fuvu alikuwa Abu Bakr al-Razi, tabibu wa Uajemi aliyeandika kwa Kiarabu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kiarabu hicho ndicho kilichokipa Kiswahili maneno akili na fahamu, ilhali ubongo na kumbuka ni ya Kibantu asilia. Mgawanyo huu si wa bure. Msemaji wa Kiswahili hupoteza fahamu, lakini hapotezi ubongo. Kichwa humwanga au humzunguka. Na akili, ikitajwa katika habari ya ugonjwa, humaanisha wazimu. Mgonjwa wa akili si mtu aliyeanguka pikipiki. Kwa hiyo mpimaji asemaye, “Sasa nitakupima akili,” amekwisha kuharibu kazi yake kabla ya swali la kwanza, maana mpimwaji amesikia mambo mawili: kwamba ashukiwa kichaa, na kwamba anajaribiwa kwa hila, kwa sababu kumpima mtu akili katika mazungumzo ya kila siku ni kumtega. Hofu hii ina jina lake la mahali: kwenye mwisho wa barabara ile ile ya kusini iko Dodoma, na Dodoma iko hospitali ya Mirembe, ambayo jina lake limekuwa neno la mzaha na la kutisha nchi nzima.

Kupima kwa maswali vichwa vilivyoumia kulikua katika vita. Mwezi wa Aprili 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer yalishuka kwa njia hii ya Babati, yakaitwaa boma ya Wajerumani ya Ufiome, kisha Kondoa. Wakati huo huo huko Ujerumani, Walther Poppelreuter mjini Cologne na Kurt Goldstein mjini Frankfurt walikuwa wakiwapima askari waliopigwa risasi za kichwa, kwa picha, kwa vitu vya kupanga na kwa kazi za mikono, ili wajue ni uwezo gani uliopotea na ni kazi gani mtu awezayo kufundishwa tena. Kitabu cha Poppelreuter kilitoka mwaka 1917. Waingereza kwa upande wao walibishana kama askari atetemekaye baada ya mzinga kulipuka karibu naye ameumia ubongo au ameumia moyo, tangu Charles Myers alipoandika juu ya hali hiyo mwaka 1915. Askari na wapagazi waliopita Ufiome walihesabiwa kwa homa, kuhara na njaa, ambazo kweli ziliwaua kwa maelfu. Swali la Poppelreuter halikuletwa kwao.

Ubishi huo ulidumu baada ya vita. Mwaka 1961 Henry Miller, tabibu maarufu wa mishipa mjini Newcastle, alidai kwamba wengi wa wanaolalamika muda mrefu baada ya kugongwa kichwa kidogo huponywa na malipo ya fidia. Jibu lililo thabiti lilitoka New Zealand. Mwaka 1974 Dorothy Gronwall na Philip Wrightson wa Auckland walionyesha kwamba wagonjwa wa namna hii kweli hufikiri polepole, na kwamba upole huo hupungua kadiri malalamiko yapunguavyo. Mtihani wao ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuufanya. Sauti ya kinasa hutaja tarakimu moja moja, na mgonjwa hujumlisha kila tarakimu na ile iliyoitangulia, wala si na jumla aliyoitaja punde. Mwendo wa pole huacha sekunde 2.4 kati ya tarakimu na tarakimu. Mwendo wa kasi kabisa, sekunde 1.2. Kwa mtihani huu mtu aliyeitwa mnafiki alipata ushahidi, na tabibu akapata namna ya kumwambia lini arudi kazini.

Hapa msomaji wa Kiswahili na asimame kidogo. Katika Kiingereza, tarakimu zote toka moja hata tisa ni za silabi moja moja, ila saba peke yake. Katika Kiswahili zote ni za silabi mbili. Na majibu je? Kinasa kikisema saba kisha sita, Mwingereza hujibu kwa silabi mbili, na Mswahili hana budi kusema kumi na tatu, silabi tano, na kinasa kimekwisha taja tarakimu nyingine. Ni kweli kwamba silabi za Kiswahili ni nyepesi na hutamkwa mbio. Lakini katika mwendo wa sekunde 1.2 kinachopimwa si ubongo peke yake. Ni ulimi pia. Jambo hili si la kubuni. Mwaka 1980 Ellis na Hennelly walichunguza kwa nini watoto wa Wales walipata alama ndogo kuliko watoto wa Marekani katika kukariri tarakimu, wakaona sababu ni kwamba majina ya tarakimu katika Kiwelshi huchukua muda mrefu zaidi kutamka. Watu wale wale wenye lugha mbili walikumbuka tarakimu nyingi zaidi kwa Kiingereza. Kumbukumbu haikuwa na upungufu. Upungufu ulikuwa katika kipimo kilichochukuliwa toka lugha moja na kuhesabiwa kwa kawaida ya lugha nyingine.

Afrika ya Mashariki ilikwisha kuonja matunda ya kosa la namna hii, tena machungu. Katika miaka ambayo Kamati ya Lugha ya nchi hizi ilikuwa ndiyo kwanza yaanza kusanifisha Kiswahili, R. A. C. Oliver alikuwa Kenya akitunga mtihani wa akili kwa Waafrika, ambao maelekezo yake yalipigwa chapa Nairobi mwaka 1932. Oliver alikuwa mtu wa shule, na alitaka kuchagua wanafunzi. Wengine walitaka zaidi. Mwaka 1934 F. W. Vint alitangaza vipimo vya bongo za maiti wa Kenya, na H. L. Gordon akavitumia kudai kwamba Mwafrika amepungukiwa kwa maumbile. Kisha akaja J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari, Nairobi. Mwaka 1951 alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa kwa upasuaji sehemu ya mbele ya ubongo, na mwaka 1953 Shirika la Afya la Dunia lilikichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Mengi yamesemwa juu ya dharau iliyomo katika fikira hizo. Lakini kwa habari iliyo mbele yetu kuna kosa jingine, la kihesabu, ambalo halikutajwa mara nyingi: kipimo kimwonacho mtu mzima kuwa ameumia ubongo hakiwezi tena kumwona aliyeumia kweli. Wote wawili wamewekwa kapu moja. Mwafrika mwenye jeraha la kichwa ndiye aliyedhulumiwa zaidi na Carothers, maana kwa maneno yake ugonjwa wake haukuwa na alama ya kuutambua.

Vipimo vitumiwavyo leo ni vingine. Viwili ndivyo vilivyoenea: kile cha Folstein na wenzake cha mwaka 1975, kiitwacho MMSE, na kile cha Ziad Nasreddine wa Montreal cha mwaka 2005, kiitwacho MoCA. Vyote vina pointi 30. Cha Montreal huhesabu 26 kuwa mpaka wa uzima, na humwongezea pointi moja mtu ambaye masomo yake hayakuzidi miaka 12. Pointi moja hiyo hiyo hupewa aliyeishia darasa la kumi na mbili na aliyeishia darasa la saba. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, ambako wagonjwa wengi wa vichwa wa kaskazini hupelekwa na ambako ajali za barabarani ndizo chanzo kikubwa, vipimo hivi viwili vilitafsiriwa na kulinganishwa na mazingira kwa ajili ya watu walioumia ubongo; Vissoci na wenzake walitangaza kazi hiyo mwaka 2019. Ni kazi ya sifa, maana kabla yake matabibu wengi walikuwa wakitafsiri papo hapo kitandani, kila mtu kwa Kiswahili chake.

Ugumu walioukabili wafasiri wa vipimo vya namna hii wastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo. MMSE huuliza majira ya mwaka. Kamusi zina masika, kipupwe, vuli na kiangazi, mpango wa pwani. Lakini katika nyanda za Babati mvua za vuli na za masika mwaka mwingine huungana, na mkulima mwenye akili timamu aweza kujibu tofauti na karatasi. Kipimo hicho hicho huomba neno la Kiingereza lenye maana ya dunia lisemwe herufi kinyumenyume. Neno dunia lenyewe, kwa bahati njema, lina herufi tano vilevile. Lakini Mtanzania alifundishwa kusoma kwa silabi, ba be bi bo bu, naye aweza kujibu a-ni-du, bila kosa lolote la kumbukumbu wala la mpango. Amegeuza vipande alivyofundishwa kuwa ni vipande. Kipimo cha Montreal hutaka mstari uunganishe namba na herufi kwa zamu, moja na A, mbili na B, tatu na C. Na herufi C katika Kiswahili haisimami peke yake, hungoja H. Hutaka tena maneno mengi yaanzayo na herufi moja kwa dakika moja. Mwingereza hutafuta maneno katika ghala lote la kichwa chake. Mswahili akipewa K hana haja ya kutafuta: kula, kulala, kulima, kucheka, na ataendelea mpaka dakika iishe. Akipewa herufi isiyo ya kiambishi, kazi huwa ngumu ghafula. Alama hizo mbili zina jina moja, lakini si kazi moja.

Hata neno la rangi katika orodha ya kukumbuka lina shida yake. Kivumishi cha Kiswahili hakisimami bila ngeli. Aliyeambiwa nyekundu akarudisha jekundu amekumbuka au amesahau? Na mahameli, ndicho kitambaa kilichomo katika orodha ya Montreal, ni neno lijulikanalo kwa msomaji wa tenzi kuliko kwa muuza mitumba.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni saa. Mgonjwa huambiwa achore uso wa saa na kuweka mishale saa kumi na moja na dakika kumi kwa hesabu ya Kizungu. Kwa Kiswahili ni saa tano na dakika kumi. Mtanzania aliyezoea saa ya ukutani huona mshale mfupi kwenye 11 na kusoma tano, jambo ambalo kwa hakika ni kazi ya akili ya ziada aifanyayo kila siku bila kushukuriwa. Akiambiwa kuchora saa tano, aweza kuweka mshale kwenye 11, kwa desturi, au kwenye 5, kwa kutii neno. Mpimaji ambaye hakuamua mapema lipi ni jibu atatoa au kunyima pointi kwa bahati. Saa nzima ina pointi tatu katika 30, mchemraba wa kunakili una moja, na ule mstari wa namba na herufi una moja: pointi tano, zote zikimtegemea mtu aliyeshika kalamu muda mrefu shuleni. Upungufu wa mtu aliyetikisika ubongo kidogo waweza kuwa mdogo kuliko hizo.

Njia nyingine ilijaribiwa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa ajili ya wazee wenye kupungukiwa kumbukumbu. Kipimo kiitwacho IDEA, kilichotangazwa mwaka 2014, kilitungwa na matabibu wa Tanzania na wa Newcastle, mji ule ule wa Miller. Hakuna kalamu ndani yake. Mzee hupanga njiti nne za kibiriti kwa mfano aliouona, fikira iliyotoka Ibadan, Nigeria. Huulizwa daraja ni nini. Hukumbuka maneno kumi. Hutaja wanyama kwa dakika moja. Swali hili la wanyama lafaa sana, ila mpimaji katika nchi ya wafugaji aamue kabla: aliyesema ng'ombe, fahali, mtamba, ndama na maksai ametaja wanyama watano au mmoja? IDEA lakini ni kipimo cha wazee na cha upungufu mkubwa. Kijana wa bodaboda atakipita kwa urahisi na kesho yake ashindwe kukumbuka abiria alimwambia ashukie wapi.

Babati ina jambo ambalo Hai haina. Hapo Wagorowa wakaao kuzunguka mji na Wairaqw wa Mbulu husema lugha za Kikushi, Wadatooga wa upande wa Hanang husema ya Kinailoti, Wambugwe na Warangi husema za Kibantu. Na safari ya siku moja huwafikia Wahadza na Wasandawe, ambao lugha zao zina sauti za kidoko. Ni mahali pachache katika Afrika ambapo jamii hizo zote za lugha zimeishi pamoja kwa muda mrefu. Kijana aliyezaliwa mjini hana shida ya Kiswahili. Tangu miaka ya 1960 ndiyo lugha ya shule ya msingi, na kwa wengi ndiyo ya nyumbani. Shida ni ya mama aliyekaa nyuma ya pikipiki. Na asidhani mtu kwamba kutafsiri tu kutatosha. Wanawake wa Kidatooga walioolewa huepuka kutaja majina ya wakwe zao na hata maneno yanayofanana nayo kwa sauti, wakayabadili kwa mengine. Alice Mitchell ameichunguza desturi hiyo kwa makini katika tasnifu yake ya mwaka 2015. Mwanamke huyo akiambiwa arudie neno kwa lugha yake, naye akanyamaza au akatoa neno badala, karatasi itaandika kosa la kumbukumbu. Kumbe kumbukumbu yake ndiyo iliyomzuia.

Amerika, wachezaji hupimwa kabla ya msimu, ili wakigongwa walinganishwe na nafsi zao wenyewe; mwendo huo ulianzishwa na Jeffrey Barth wa Virginia katika miaka ya 1980. Hakuna awezaye kuwapima madereva wote wa Babati kabla hawajaanguka, achilia mbali abiria. Lakini mtu yule yule aweza kupimwa mara mbili au tatu, wiki chache kati, kwa Kiswahili kile kile na orodha tofauti za maneno, ionekane kama anapanda au amekwama. Na watu wazima wasioumia, wa rika lake na darasa lake, waweza kupimwa ili kawaida iwe ya Manyara, si ya Montreal, wala hata ya Moshi. Kazi hiyo yahitaji orodha za maneno yaliyo sawa kwa urefu na kwa mazoea, katika Kiswahili na katika lugha za nyumbani, na hiyo ni kazi ya wanalugha.

Nao hawaanzi mikono mitupu. W. H. Whiteley, aliyefanya kazi na Kamati ya Kiswahili, alitoa maelezo mafupi ya Kiiraqw mwaka 1958. Maarten Mous akaandika sarufi yake kamili mwaka 1993. Na Andrew Harvey, aliyemaliza tasnifu yake juu ya Kigorowa mwaka 2018, ameweka katika hazina ya sauti rekodi nyingi za wasemaji wa wilaya ya Babati wenyewe, wakisimulia.